Msimu wa 2003 pale Collegeville

Walimu wenzangu wa michezo, wakubwa shikamooni, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mazoezi na majeraha. Nitawapeleka mbali kidogo, hadi Collegeville, jimbo la Minnesota, Marekani. Pale kuna chuo cha wanaume, Saint John's, kilichoanzishwa na watawa Wabenediktini, familia moja ya kitawa na wale tunaowajua wa Peramiho na Ndanda. Timu yao ya futiboli ya Kimarekani inacheza daraja la tatu la vyuo, na huko ni mwiko kumlipia mchezaji masomo kwa sababu ya kipaji chake uwanjani. Kijana anacheza kwa kuwa anaupenda mchezo, basi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na wapinzani wanaizuia kwa kumbwaga chini mwenye mpira. Kubwagana ndiyo kazi, na ndiyo sababu ya zile helmeti na ngao za mabegani. Sasa sikieni hili: kocha wa Saint John's, John Gagliardi, alikataza kubwagana mazoezini. Hakutumia filimbi. Hakulazimisha mtu kunyanyua vyuma. Kijana aliyetaka kucheza hakumfukuza, hata kikosi kikafika watu zaidi ya 100. Na hakutaka aitwe kocha, alitaka aitwe John.

Mambo haya hayakuanza uzeeni. Mwaka 1943, Gagliardi akiwa na miaka 16, kocha wa shule yake ya sekondari huko Trinidad, Colorado, alichukuliwa kwenda vitani. Timu ingevunjwa, kijana akaomba aiongoze yeye. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufuta yale yaliyomtesa kama mchezaji. Siku hizo kunywa maji katikati ya mazoezi kulionekana udhaifu. Yeye akawaruhusu wenzake wanywe. Wakashinda. Saint John's alifika mwaka 1953, na mwaka 2003 alikuwa bado yuko palepale, ana miaka 77.

Kuna zoezi lake moja nalipenda mno. Kikosi kizima kinalala chali kwenye nyasi, macho juu mbinguni, kila mmoja anamgeukia jirani yake na kumwambia: siku nzuri leo, au siyo? Kisha wanainuka. Hilo nalo lilihesabika kuwa zoezi! Nimewaza sana juu yake. Kijana aliyetoka kwenye mtihani mgumu, mwenye barua mbaya kutoka nyumbani, anapewa nusu dakika ya kuwa mtu kabla hajawa beki.

Baada ya hapo ni akili tupu. Beki anasoma mwendo wa mshambuliaji, anakimbilia mahali pake, anafika, anasimama hatua moja kabla ya kugusana. Wanarudia. Wanarudia tena. Kwa ninavyoelewa mimi, anayepitwa mechini mara nyingi hashindwi kwa kukosa nguvu, ila alichelewa au alisimama pasipo pake, na kosa hilo halitibiwi kwa kumvunja mbavu siku ya Jumanne. Mwili wake anatunziwa Jumamosi, siku ya mechi.

Msimu ule wa 2003 timu ilihitaji miili hiyo. Tarehe 8 Novemba, nyumbani, mbele ya watazamaji zaidi ya 13,000, waliifunga Bethel 29 kwa 26. Ulikuwa ushindi wa 409 wa Gagliardi, akampita Eddie Robinson, kocha wa chuo cha Grambling, aliyestaafu na 408. Timu nyingine ingeridhika hapo. Wao waliingia kwenye mtoano, wakacheza wiki baada ya wiki hadi Desemba, wakatinga fainali huko Salem, Virginia, bila kupoteza mechi hata moja.

Fainalini wakamkuta Mount Union wa Ohio, aliyekuwa ameshinda mechi 55 mfululizo. Huyohuyo aliwafunga fainali ya mwaka 2000, 10 kwa 7, kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Safari hii, tarehe 20 Desemba, mambo yaligeuka. Katika robo ya nne, Mount Union wako mlangoni kabisa, wanarusha pasi wapate pointi. Beki wa Saint John's anainasa kwenye mstari wa goli lao wenyewe na kutoka nduki: yadi 100, uwanja mzima, hakuna wa kumfikia. Kila nikifika hapa, moyo unanidunda. Hakuwa na bahati tu, ndugu zangu. Alikuwa amesimama mahali pake. Mechi iliisha 24 kwa 6. Mechi 14, ushindi 14, na ubingwa wa kwanza wa taifa kwa Saint John's tangu 1976.

Wapo waliosema mzee sasa atapumzika. Aliendelea hadi mwaka 2012 bila kurudisha filimbi wala kubwagana, akaondoka na ushindi 489. Alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 91. Katika futiboli ya vyuo vya Marekani, idadi hiyo hakuna kocha aliyeifikia.