Jinsi ya kumtambua tai mwenye ushungi na kukiona kiota chake

Karibu, mtazamaji. Leo tuko Limuru, pembeni mwa mashamba ya chai. Uje asubuhi, na darubini shingoni.

Kwanza, kagua nguzo za umeme. Tai huyu hupenda kukaa mahali palipo wazi. Tazama pale, nguzo ya tatu: ndege mweusi, urefu wake nusu mita na kidogo. Panda na darubini hadi kichwani. Unauona ule ushungi? Manyoya marefu, membamba, upepo ukivuma yanalala upande mmoja, kisha yanasimama tena. Macho ni ya manjano. Miguu ina manyoya mpaka kwenye vidole. Ikiwa myeupe pe, mara nyingi huyo ni dume. Ya jike huwa na hudhurungi.

Pili, subiri aruke... haya, huyo! Karibu na ncha ya kila bawa pana baka kubwa jeupe. Mkia una mistari. Shakivale mweusi, ndege mwingine mwindaji, akikuchanganya, kumbuka yeye mkia wake ni mwekundu na hana ushungi.

Tatu, angalia anachotazama. Macho yako chini, kwenye majani. Anasaka panya, na panya ndio sehemu kubwa kabisa ya chakula chake. Ndiyo maana utamkuta ukingoni mwa msitu, kwenye mabonde yenye unyevu na mashambani. Inaniuma kuona akipigwa mawe kwa makosa ya mwewe. Mfugaji wa kuku, huyu anakulindia mahindi.

Sasa kiota. Tafuta kwenye miti ya ukingoni, hata mikaratusi, si kileleni bali katikati, kwenye panda iliyo karibu na shina. Ni rundo la vijiti. Ukiona majani mabichi yametandikwa ndani, kinatumika. Jike hutaga yai moja au mawili, meupe yenye madoa ya kahawia, akaatamia kwa siku 42 hivi huku dume akimletea panya. Hawana msimu mmoja. Chakula kikiwa tele, huzaa.

Simama mbali. Jike akiinua shingo na kukukazia macho, rudi nyuma polepole. Na kama mti huo umepangiwa kukatwa, mwombe mwenye shamba asubiri: kinda huruka akiwa na wiki 8 hivi, kwa hiyo tangu yai kutagwa ni miezi mitatu na siku chache.