Mwacheni Mwanafunzi Avuke Mwenyewe: Niliyojifunza katika Madarasa ya Lugha Mbili ya Wales

Habari za huko nyumbani, ndugu watazamaji, na hasa ninyi walimu wa Kidato cha Kwanza ambao mmekuwa mkiniandikia tangu shule zilipofunguliwa. Wengi wenu mmeuliza swali linalofanana: mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akafika sekondari na kukuta karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza, atawezaje kujisomea bila kumsubiri mwalimu amfafanulie kila mstari? Ninawajibu nikiwa Cardiff, mji mkuu wa Wales, ambako ninafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiwelisi, kwa sababu watu wa hapa wamehangaika na suala hili kwa miaka mingi.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, wanaozungumza Kiwelisi ni asilimia 17.8 tu ya wakazi wa Wales wenye umri wa miaka mitatu na kuendelea, na serikali yao imejiwekea lengo la kufikia wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050. Hapa mjini watoto wengi wanaoingia katika shule hizi hutoka katika nyumba zinazozungumza Kiingereza peke yake. Yapo pia mambo katika historia yao ambayo mtazamaji wa Kenya au Tanzania atayatambua mara moja: katika karne ya 19, baadhi ya shule za huku zilimvisha mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi kibao cha mbao chenye herufi WN (kifupi cha "Welsh Not", yaani Kiwelisi hakiruhusiwi), naye alikivaa mpaka apatikane mwingine wa kukabidhiwa, na aliyebaki nacho jioni aliadhibiwa. Sisi pia tumevishwa vibao vya namna hiyo kwa kosa la kusema Kiswahili au lugha ya mama, na mpaka leo zipo shule ambazo hazijaviacha.

Wawelisi wa sasa wamekwenda njia nyingine kabisa. Mwalimu mtafiti mmoja wa Bangor, mji wenye chuo kikuu kaskazini mwa Wales, Cen Williams, katika tasnifu yake ya mwaka 1994, alieleza utaratibu ambao mwanafunzi hupokea maarifa kwa lugha moja na kuyatoa kwa lugha nyingine, yaani anasoma kwa Kiingereza, anajadili na kuandika kwa Kiwelisi, na siku nyingine mambo yanageuzwa. Utaratibu huu hauna uhusiano na kuchanganya maneno ovyo. Mwalimu huamua kabla ya kipindi ni lugha ipi itafanya kazi ipi, na kwa nini.

Nieleze kipindi kimoja nilichokishuhudia. Watoto wa miaka tisa hivi walipewa ukurasa wa Kiingereza kuhusu milima ya volkano, wakaambiwa wausome kimya, kisha kila mmoja amweleze mwenzake kwa Kiwelisi jinsi mlima unavyolipuka, huku ukurasa umefunikwa. Mwalimu hakusoma wala hakufafanua chochote. Binti mmoja alikwama, akainua mkono. Mwalimu alimwendea na kumuuliza kwa upole, "Umejaribu nini mpaka sasa?" Binti akarudi kwenye mchoro, akasoma tena sentensi iliyotangulia, akamnong'oneza jirani yake, halafu akaenda kwenye orodha ya maneno ya lugha mbili iliyobandikwa ukutani, ambayo ilitengenezwa na wanafunzi wenyewe. Alipata alichokitafuta, akaketi, akaendelea. Watoto wote wa darasa lile wanaufahamu mfuatano huo wa hatua, kwa sababu walifundishwa hatua moja moja na kuzifanyia mazoezi mpaka zikawa mazoea.

Sasa tulinganishe na nyumbani, na ninasema haya nikiwaheshimu walimu wetu, maana najua mzigo wanaoubeba. Katika madarasa mengi ya Kidato cha Kwanza, mwalimu husoma mstari wa Kiingereza, huutafsiri kwa Kiswahili, huandika notisi ubaoni, na wanafunzi hunakili ili wakakariri. Nia ni njema, lakini tazameni ni nani anayefanya kazi ya akili katika kipindi hicho. Anayevuka kutoka lugha moja hadi nyingine ni mwalimu, na mwanafunzi hupokea kitu kilichokwisha kuvushwa. Kwa hiyo siku mwalimu asipokuwepo, kitabu kinakuwa ukuta mbele yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo utegemezi unapozaliwa, na ndipo pa kuanzia.

Chukueni mada ya kutu katika Kemia. Mtoto wa Tanga au Kilwa ameona mabati ya pwani yanavyoliwa na kutu, na anaweza kueleza kwa Kiswahili fasaha kwamba upepo wa bahari una chumvi na unyevu. Mpeni aya fupi ya Kiingereza inayosema kwamba chuma hupata kutu kikikutana na maji pamoja na oksijeni, lakini kabla hajaisoma mwacheni aandike kwa Kiswahili yale anayoyajua tayari. Akisha kuisoma, afunge kitabu na kumweleza mwenzake kwa Kiswahili, kisha afungue tena ahakiki alichokiacha, na mwishowe aandike sentensi tatu za Kiingereza akisaidiwa na vianzio vya sentensi, yaani maneno ya mwanzo anayoyakamilisha mwenyewe, mlivyoviandika ubaoni. Wiki za mwanzo vianzio viwe vingi, halafu mviondoe kidogo kidogo, maana msaada usiopungua humlemaza mtoto.

Najua mtasema kwamba mtihani wa taifa ni wa Kiingereza na muda hautoshi. Mtaalamu wa elimu ya lugha mbili, Jim Cummins wa Toronto, Kanada, amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba mtoto anaweza kuzoea lugha ya mazungumzo kwa takriban miaka miwili, lakini lugha ya kusomea masomo huhitaji mitano hadi saba, na kwamba uelewa uliojengwa kwa lugha ya kwanza huisaidia ile ya pili. Sekondari yetu hadi Kidato cha Nne ni miaka minne, na somo la Kiingereza la shule ya msingi peke yake halimwandai mtoto kusoma Kemia. Kwa hiyo kumkataza kufikiri kwa Kiswahili ni kumpokonya nyenzo pekee aliyokuja nayo. Wala jambo hili si geni kwetu, kwani wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza walikwisha kuandaa sampuli za vitabu vya Kidato cha Kwanza vyenye sentensi fupi, michoro mingi, na maneno magumu yaliyofafanuliwa kwa Kiswahili.

Darasa la wanafunzi themanini ni changamoto ya kweli, na siwezi kuwaambia kwamba kinachofanyika hapa kwa watoto thelathini kitahamia huko bila marekebisho. Hata hivyo, kuzungumza wawili wawili hakuhitaji karatasi wala umeme, na aya moja inaweza kuandikwa ubaoni pale vitabu visipotosha. Anzeni na aya moja kwa wiki, katika somo moja. Dakika tano za mwisho, kila mwanafunzi aandike nyuma ya daftari jambo moja analoweza kulieleza bila kutazama, na swali moja ambalo bado linamsumbua. Mwalimu akusanye madaftari ya safu moja tu, safu nyingine zifuate vipindi vijavyo, na maswali hayo ndiyo yafungue kipindi kinachofuata, hata yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili.