Chambo hakina macho

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na vijana, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie chambo katika kuwinda wanyama wadogo na ndege. Nitaanza na mtego niliofundishwa na babu yangu.

Babu alikuwa akitega panya buku kwenye minazi, upande wa Pangani. Tundu lake lilikuwa la fito, na chambo chake kipande cha nazi kilichobabuliwa motoni hadi mafuta yatoke. Nazi mbichi, alisema, humwita panya wa karibu. Iliyobabuliwa humwita aliye mbali. Alikifunga kwa kamba kwenye kijiti cha kufyatulia, ili panya alazimike kukivuta, asipate kudokoa na kwenda zake. Tulitega jua likizama na kutegua baada ya sala ya alfajiri. Siku moja tukamkuta kanu ndani, yule mwenye madoa na mkia wa mapete, amejikunja pembeni, macho yanawaka. Babu akainua mlango kwa fimbo, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama kimya mpaka mnyama akatoka na kupotelea vichakani.

Tunasema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Kwa kawaida tunaisema kwa habari za watu, lakini mimi niliiona kwa macho yangu asubuhi ile. Chambo hakina macho. Harufu ya nazi haikumwambia kanu kwamba hakualikwa. Mwenye macho ni mtegaji, na kwangu mimi swali la kwanza kuhusu mtego wowote ni hili: je, unamwachia mtegaji nafasi ya kurekebisha alichokosea? Tundu linamwachia. Kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli kinampunguzia sana, maana hubana kadiri mnyama anavyojinasua. Tena kitanzi cha katani kikisahauliwa porini huoza, lakini cha waya kinaendelea kunasa muda mrefu baada ya mwenyewe kukisahau. Sumu haimwachii nafasi yoyote.

Sheria nazo zinaelekea huko huko. Tanzania tunayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009. Inataka leseni kwanza, na kuwa na leseni si ruhusa ya kutumia sumu wala chambo kilichotiwa sumu. Vitanzi na mashimo vimo katika makatazo hayo hayo. Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mkataba wa Afrika wa kuhifadhi maumbile, uliotiwa saini Algiers mwaka 1968, nao uliikataa sumu. Najua yupo atakayeniuliza kama babu yangu alikuwa na leseni. Hakuwa nayo, na kwa hilo simtetei. Ninachokichukua kwake ni zile hatua tatu za kurudi nyuma.

Niwape na mfano wa mbali, kwa sababu unaonyesha nguvu ya chambo kisicho na sumu. Marekani, mwindaji wa bata wanaohama haruhusiwi kuwapiga mahali palipomwagwa nafaka ili kuwavuta. Hata nafaka ikishaondolewa yote, eneo hilo huhesabiwa kuwa bado lina chambo hadi zipite siku 10. Ndege aliyeshiba mahali hurudi hapo hapo, chakula kiwepo kisiwepo. Naipenda kanuni hiyo, kwa sababu aliyeiandika alimjua ndege.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, watafiti walishuhudia konokono wakitiwa dawa ya wadudu na kuwekwa majini kuwa chambo cha korongo. Korongo wengine walifungwa wakiwa hai ili wenzao wawaone na kushuka bila woga. Bata na njiwa walimwagiwa mchele uliochanganywa na dawa. Wakianguka waliokotwa, wakauzwa, wakaliwa na watu.

Dawa yenyewe ni karbofurani. Ile ya punje hufanana na mchanga, na punje moja yaweza kumwua ndege mdogo. Inavuruga mawasiliano ya neva na misuli: mate yanatoka, mwili unatetemeka, pumzi inakatika. Muuzaji hutoa matumbo akidhani sumu imetoka nayo. Jamani, ndege yule alianguka kwa sababu sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu yake. Tunampikia nani nyama hiyo?

Na si wote wanaoangukia miguuni pa mtegaji. Njiwa huruka na sumu tumboni, akafia mbali, naye akawa chambo kwa mbwa, mwewe na tumbusi. Mwaka 2019 huko Botswana, zaidi ya tumbusi 500 walikufa kwa mizoga ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Tumbusi mgongo-mweupe, aliyekuwa mwingi kati yao, hutaga yai moja tu kwa msimu. Hesabuni wenyewe itachukua miaka mingapi kuwarudisha.

Kwa hiyo ukikuta shambani nafaka zimemwagwa na ndege wamelala kando yake, usiguse kwa mkono mtupu. Waondoe watoto, mfunge mbwa, fungia kuku. Usiwatupe ndege hao mferejini, wala usimpe mtu awapike akikuambia atawaosha vizuri. Piga picha, weka mtu wa kulinda pale, kisha mwite afisa wanyamapori. Na kama kuna aliyekwisha kula, msingoje aanze kutetemeka. Mpelekeni hospitali, na mfungashe kidogo ile nafaka mwende nayo, ili daktari ajue anapambana na nini.

Sasa karibuni kwa maswali, na naomba tuanze na wazee.