Moto Usio na Moshi: mazungumzo ya jioni, Kisumu

Haya karibuni, hizo viti za nyuma sogezeni mbele kidogo, maiki inakatakata. Leo ni habari ya aurora, ule mwanga wa rangi unaowaka angani usiku, na naanza na kitu mnakijua. Boti ya tanga ikitoka Dunga kuelekea mbali, mbao zinapotea kwanza, tanga linabaki, si ndio? Shikeni hiyo.

Enzi za Kaisari Tiberius huko Roma, karibu miaka 2000 iliyopita, mbingu iliwaka nyekundu usiku, wanajeshi wakatoka mbio kwenda Ostia, mji wa bandari ya Roma, wakidhani umeshika moto, mwanafalsafa Seneca ndiye ameandika hayo. Wamefika, hakuna hata moshi. Sasa ruka mpaka Januari 25, 1938, Uingereza, wazima moto wanaitwa eti kasri ya Windsor inaungua! Hao walikuwa na simu na magari, na bado wakakimbilia moto wa angani, mimi siwacheki.

Jua linatema chembechembe zenye chaji, usumaku wa dunia unazivuta kuelekea ncha za kaskazini na kusini, zinagonga oksijeni ndio inang'aa, hiyo ndiyo aurora. Kwenye kilomita 100 hivi juu inatoa kijani, kuanzia 200 na zaidi inatoa nyekundu. Wewe ukiwa mbali na hizo ncha, kijani kimezama nyuma ya mgongo wa dunia kama zile mbao, umebaki na tanga jekundu tu, utaacha kusema ni moto?

Septemba 1859 ilizidi. Carrington, mwanaastronomia wa Uingereza, aliona mlipuko kwenye jua, na haikupita hata siku moja mwanga ukaonekana mpaka Cuba, na mafundi wa telegrafu, ile ya kutuma ujumbe kwa nyaya, wa Boston na Portland huko Marekani wakachomoa betri zao wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa angani tu, kwa muda wa saa mbili hivi, stima ya bure! Kwa upande wetu wa dunia, Februari 4, 1872 mwanga kama huo uliripotiwa mpaka Khartoum.

Eeh mzee wangu, uliza. Anasema wavuvi wa omena, usiku mwezi haupo, kabla ya kupambazuka wanaona mwanga mweupe kama mkuki mashariki. Huo si aurora mzee, ni vumbi lililo kati ya sayari linamulikwa na jua, na hapa ikweta unasimama wima vizuri sana. Ndugu zetu Waislamu wanauita alfajiri ya uongo, ukiuona endelea tu na daku yako. Ukiona mwanga umetandaa upeo mzima kulia na kushoto, hiyo ndiyo alfajiri ya kweli, hapo sasa weka kikombe chini.