Bakuli la Pili

Shikamooni wazazi wangu. Na ninyi wadogo zangu mliokaa nyuma na watoto mgongoni, sogeeni mbele, nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie wanawake na watoto walioelemewa na shida. Nitasema ninachokijua kutoka kwenye vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na hasa habari ya bakuli la pili.

Wana kikoba mnalijua. Sanduku la chuma linafunguliwa na watu watatu, kila mmoja na ufunguo wake, ili asipatikane wa kulifungua peke yake. Bakuli la kwanza ni la hisa, yaani akiba ya kila mmoja. Hapo tunatulia: fedha zinahesabiwa juu ya kanga, vitabu vinagongwa mihuri, kila jicho linatazama. La pili ni la jamii. Unatupia mia tano yako, huandikiwi hisa, hupati gawio. Hapo tunaharakisha, wengine wameshaanza kutafuta ndala zao.

Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea nchi nyingi za Afrika. Umeenea kwa sababu benki inataka dhamana, na mama wa genge dhamana yake ni wenzake wanaomjua.

Lakini hisa ni za mwenye cha kubakiza. Mama anayefua nguo za watu analipwa leo, anapika leo. Akikopa, akakosa marejesho mara mbili, anaona aibu, anaacha kuja, nasi tunasema si mwaminifu. Halafu anaangukia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.

Yuko mmoja, jina lake nalihifadhi. Mtoto aliugua usiku, akakopa laki moja ya marejesho ya kila siku. Siku ya nane hakuwa na rejesho. Wakopeshaji wakaja, wakabeba jiko la gesi na godoro. Nilipofika asubuhi watoto watatu wamekaa pale godoro lilipokuwa. Alama yake bado ilionekana sakafuni, mstatili wa udongo uliokuwa laini kuliko kwingine. Yule mkubwa, wa darasa la tano, hakwenda shule. Alikuwa anapanga vitumbua vya jirani kwenye ndoo akauze.

Mama yule alikuwa mwanachama wetu. Kati ya kwake na tunapokutania pana ua wa makuti tu. Na wiki ile bakuli la pili lilikuwa na fedha! Hatukumpa, kwa sababu alishaacha kuja, na kwa sababu katiba yetu inataja msiba na ugonjwa wa mwanachama, basi. Namshukuru Mungu kwamba hatumwachi mtu azikwe bila sanda. Ila yule mama alihitaji msaada akiwa hai, na hilo limeniumiza mpaka leo.

Mtaniambia serikali ipo. Ipo. Hapa Tanzania halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Ikopeni, ni haki yenu. Lakini inapitia kwenye kikundi kilichosajiliwa, na huyu ninayemsema ameshatoka kwenye kikundi. Ada za shule za serikali hadi kidato cha nne zimefutwa tangu 2016, lakini daftari, sare na uji wa saa nne vinatoka mfukoni mwa mzazi.

Kwa hiyo ninawaomba mbadili kifungu cha jamii. Kimtaje mtoto anayeishi mtaani petu, awe wa mwanachama au asiwe. Aliyeacha kulipa hisa aruhusiwe kubaki kwa mia tano ya jamii, kiti chake kisiondolewe. Na atakayepewa asitangazwe kikaoni. Mweka hazina na mwingine mmoja waende kwake jioni, wampe mkononi, wasimdai. Msaada wa kusimamishwa mbele za watu mwanamke mwenye haya hataupokea, ataona bora akope.

Jumamosi nitapita vikundi vyetu vyote vinne. Nitaomba katiba isomwe kwa sauti kabla sanduku halijafunguliwa, na bakuli la pili litangulie. Yule mama nimeshamwambia aje. Mwekeeni nafasi mkekani.