Kulungu wa Januari: namna ya kumpata kwenye msitu ambao kila mtu ameshauwinda

Habari za huko mliko, wandugu. Wazee wangu, shikamooni. Leo niko ndani ya Msitu wa Taifa wa Allegheny, kaskazini magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwetu Erie. Ni wiki ya kwanza ya Januari, saa tatu asubuhi, baridi nyuzi tisa chini ya sifuri. Vijana wengi mliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kama mimi mmeniandikia: "Kaka, tumeshinda porini Desemba nzima, kulungu hatukumwona hata mkia." Video hii ni yenu.

Leseni na kozi ya usalama nilishaeleza, sirudii. Nguo vaa za sufu, basi. Rangi ya machungwa usiivue: kwenye msimu wa bunduki za kawaida sheria ya hapa inataka inchi za mraba 250 kwa jumla kichwani, kifuani na mgongoni, na mimi naivaa hata sasa, maana watoto wangu wananisubiri nyumbani. Na hii niliyobeba ni bunduki ya gumegume. Ni ukoo mmoja na gobore la kwetu: jiwe linagonga chuma, cheche inaangukia baruti kwenye kisahani. Pennsylvania imetenga msimu wa bunduki hizi unaoanza siku moja baada ya Krismasi, na mimi naupenda kuliko misimu yote, kwa sababu msitu umenyamaza.

Jina kidogo, maana mnabishana sana. Kulungu wa nyumbani ni mnyama mwingine, yule mwenye mistari na madoa ubavuni. Huyu wa Marekani, mwenye mkia mweupe, tumemwazima jina tu. Wengine mnamwita swala, lakini pembe za swala hazidondoki. Za huyu zinadondoka kila mwaka, na kuanzia Desemba unaweza kukutana na dume asiye na pembe hata moja.

Sasa, mtazame alivyo leo. Leseni za uwindaji za jimbo hili huzidi 800,000 kwa mwaka. Amewindwa kwa mishale tangu Oktoba, kisha wiki mbili za bunduki baada ya Sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba, kila mlango wa gari ukifungwa anaujua. Kama ni dume, alimaliza Novemba nzima akikimbiza majike, na anaweza kuwa amepoteza hata robo ya uzito wake. Kwa hiyo ana mambo mawili tu: ale bila kupoteza nguvu, na alale mahali ambapo mtu hapiti.

Ndiyo maana siendi mbali. Najua mmezoea kusikia "ingia ndani maili mbili". Ngoja niwaonyeshe hapa tulipoegesha... samahani, kioo cha kamera kimepata ukungu. Haya. Tazama hizi nyayo za viatu. Zote zimeshika barabara ya zamani ya mafuta. Msitu huu una visima vingi vya mafuta, na kila kisima kina njia yake, na kila mwindaji anafuata njia. Theluji imekanyagwa mpaka imekuwa barafu. Mimi nauliza: viatu havikuingia wapi? Geuza kamera. Pale, nyuma ya tangi lile bovu lenye kutu, mteremko unaotazama kusini. Kutoka kwenye magari ni kama mita 150. Hakuna hata unyayo mmoja wa mtu.

Kwa nini hawaingii? Ona hii miti michanga, gamba laini la kijivu, na majani makavu ya rangi ya karatasi ambayo hayajadondoka hata sasa. Imebanana kama nywele. Ndani huoni mita kumi, na ukigusa tawi majani yanapiga kelele kama mfuko wa plastiki. Mwindaji anapaona hapafai. Kulungu anapapenda kwa sababu hiyohiyo, na jua la asubuhi linampiga ubavuni. Mkiwa kwenye maeneo ya uwindaji ya jimbo, yale yenye ekari zaidi ya milioni 1.5 kwa jumla, tafuteni kitu cha namna hii: kisiwa ndani ya kinamasi, kipande kidogo kati ya barabara na nyumba, kichaka mgongoni mwa maegesho.

Chakula. Kokwa za mwaloni mweupe ziliisha zamani, ni tamu, kila mnyama anazigombania. Za mwaloni mwekundu ni chungu, kwa hiyo hubaki mpaka baridi hii. Ukiona theluji imechimbuliwa na majani yamepinduliwa, ni huko. Lakini kikubwa sasa ni vijiti. Nenda palipokatwa miti miaka ya karibuni.

Sogeza kamera hapa, karibu kabisa. Vijiti viwili. Hiki ncha yake imekatwa sawasawa, kwa mshazari, kama kwa kisu: huyo ni sungura. Hiki kingine ncha imechanika, ina nyuzi zimening'inia. Kulungu hana meno ya mbele taya la juu, kwa hiyo hakati, anabana na kuvuta. Gusa hapo palipochanika. Pakiwa pakavu na rangi imeiva, ni kijiti cha zamani. Hiki bado ni cha kijani ndani na kina unyevu. Kimeliwa usiku wa kuamkia leo. Ukipata vijiti vibichi kama hiki na kichaka kisichoingiwa karibu yake, usizunguke tena msitu mzima. Yupo.

Haya, sasa sikilizeni. UPEPO. Hapa ndipo nilipoharibu mwaka jana, na nitawaambia mpaka mchoke.

Nilikuwa na kulungu watano wamelala mbele yangu, hatua kama sabini. Vidole vimekufa ganzi, nikataka kumaliza haraka, nikakata njia ya mkato na upepo mgongoni kwangu. Dakika mbili tu. Jike mkubwa alisimama, akapiga chafya ile kali ya puani, mikia mitano meupe ikapanda juu kama leso, na kichaka kile hawakukilala tena mpaka msimu ulipofungwa. Mwanzo wa msimu ukimshtua kulungu una pengine pa kwenda. Januari huna.

Kwa hiyo, upepo. Hizi nyuzi nilizokunja kwenye kopo zinatoka kwenye gugu la kando ya mashamba ya hapa, ganda lake likipasuka linatoa kitu kama sufi ya mto wa nyumbani. Naachia moja. Iangalieni... inashuka bondeni. Asubuhi hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji. Nikitokea chini, ubavuni, harufu yangu inaondoka nao. Jua likipasha mteremko, hewa inapanda. Inapanda! Basi nitakuwa nawapelekea harufu yangu mpaka puani. Achia uzi kila hatua ishirini. Si mara moja pale kwenye gari. Kila hatua ishirini.

Tunazunguka kwa chini. Nakata hapa, maana... simu imezima yenyewe kwa baridi. Nimeiweka kwapani dakika kumi, imerudi. Fanyeni hivyo.

Saa nne na robo. Nazungumza chini chini. Tazameni huu mti wa hemloki ulioanguka, na hapa pembeni, hili shimo la mviringo kwenye theluji, urefu kama mita moja. Ni malalo. Ndani pana utando wa barafu, kwa sababu joto la mwili liliyeyusha theluji, akaondoka, ikaganda tena. Huu utando nikiugusa... bado una maji juu. Na unywele huu, mnene, umejikunja kidogo. Ukiuvunja ndani una uwazi, ndio unaomtunzia joto. Aliyelala hapa ameamka asubuhi hii hii.

Nyamaza kidogo.

Pale. Usitafute mnyama mzima, tafuta mstari wa mgongo uliolala kati ya miti iliyosimama wima. Kushoto kwa kisiki. Sikio limegeuka. Ni jike, na nyuma yake mwingine. Wanatazama bondeni, hawajatuona. Hatua kama tisini, na gumegume langu silifyatui zaidi ya hamsini.

Naachia uzi... umesimama. Umesimama hewani. Oneni, sasa unapanda. Taratibu, lakini unapanda.

Naondoka. Ndiyo, hatua tisini na naondoka. Hatua arobaini zaidi na wananinusa, kichaka hiki kimekufa. Rudini kwenye nyayo zenu zilezile, msiguse majani.

Nimefika kwenye gari. Mama watoto ameshauliza kama aanze kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, nimemwambia asubiri. Na wale mnaouliza bei ya nyama: nyama ya kulungu wa porini haiuzwi huku, ni kosa kisheria. Atakayenipata nayo nitamgawia. Jua likianza kuzama hewa itateremka tena, na hao majike bado wamelala palepale. Saa tisa na nusu nitakuwa chini ya ule mti wa hemloki, na kopo la nyuzi mkononi.