Bustani ile ina wenyewe

Haya jamani, sogeeni huku mbele viti vipo. Leo nawapeleka San Francisco, kwenye bustani ya chai ya Kijapani iliyo ndani ya Golden Gate Park. Nimeingia pale mara nyingi sana na kila nikienda nakuta watu wanapiga picha, wanakunywa chai, wanaondoka zao, hawajui kama wamepita juu ya nyumba ya watu.

Tuanze na daraja maana kila mtu huanzia hapo. Wanaliita daraja la ngoma, limepinda kweli kweli, yaani hulivuki, unalikwea, mguu mmoja mmoja na mikono imeshika. Mara ya kwanza nilidhani fundi alikosea. Alafu nikashuka nikasimama pembeni, maji yametulia, nikaona nusu duara iko juu na nusu nyingine iko kwenye maji, zikikutana ni duara zima! Na ule ugumu wa kukwea nao una kazi, unakupunguzia mwendo, huwezi kupita pale huku unachati. Bustani za Kijapani ndo zilivyo, njia inapindishwa makusudi, mti unapandwa mahali pa kukuzuia usione bwawa lote kwa mpigo, mpaka ukate kona ndo unapewa kipande kingine.

Sasa wenyewe. Mwaka 1894 yalifanyika maonyesho makubwa ya kimataifa kwenye park ile, kukajengwa kijiji cha Kijapani, maonyesho yakaisha. Mhamiaji mmoja kutoka Japani, Makoto Hagiwara, ndo akakabidhiwa bustani, akaikuza, akaishi humo humo na familia yake, akaagiza mimea na samaki kutoka kwao, na hela ilikuwa inatoka mfukoni mwake. Alifariki 1925, binti yake na wajukuu wakaendelea kuilea.

Ikaja 1942. Japani ilikuwa imeshapiga Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, nchi hizo mbili zikaingia vitani, rais Roosevelt akasaini amri, watu kama 120,000 wenye asili ya Kijapani wakatolewa majumbani kwao wakapelekwa kambini, na wengi wao walikuwa raia, wamezaliwa hapo hapo Marekani. Familia ya Hagiwara nayo ikatolewa, miaka arobaini na kitu ya jasho wanaiacha mlangoni. Nyumba yao ikabomolewa, ukienda leo pale ilipokuwepo utakuta kijibustani kimechimbwa chini kidogo, pazuri, pametulia, na mimi nikifika hapo huwa nasimama tu. Hata jina la bustani likabadilishwa, neno Japani likaondolewa mpaka 1952. Na ile miti yao midogo, bonsai, mnajua mti ule unaukata na kuufunga waya mwaka hadi mwaka kama unavyomsuka mtoto nywele, ikauzwa. Ilikuja kurudi miaka ya 60, iko pale kilimani, itafuteni.

Mkienda, kabla hamjakimbilia chai, tafuteni jiwe lenye kibao cha shaba cha kuikumbuka familia hiyo. Kiliwekwa 1974, na aliyekitengeneza ni Ruth Asawa, msanii mkubwa wa mji ule, ambaye naye akiwa binti mdogo alifungwa kwenye kambi hizo hizo. Kisomeni taratibu, kina jina la Hagiwara, na miaka yao imeandikwa, 1895 mpaka 1942.

Haya, nani ana swali?